Kabla ya Kusema Dawa Zimeshindwa: Limfoma ya Ngozi na Tiba ya Kingamwili

Mabaka ya ngozi ni malalamiko ya kila siku katika vyumba vya matabibu wa Karatu na Ngorongoro. Kiangazi huleta vumbi jekundu linalokausha ngozi, na nyanda za juu zinazoizunguka kreta huleta baridi inayowafanya watu walale wamebanana, upele ukapata njia ya kuhama kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo tabibu anayeona baka lenye magamba membamba na linalowasha kidogo hufikiria kwanza fangasi, kisha pumu ya ngozi, na mara nyingi huwa amefikiri sawasawa. Lakini miongoni mwa mabaka mengi ya namna hiyo hutokea, kwa nadra, baka ambalo halikuletwa na kimelea wala mzio. Hilo ni limfoma ya ngozi: saratani ya chembechembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, ambazo zimeacha kazi yake ya ulinzi na kuanza kuzaliana ovyo ndani ya ngozi.

Katika miaka ya karibuni ugonjwa huu umepata dawa mpya za aina ya kingamwili, na habari za dawa hizo husafiri haraka kuliko dawa zenyewe. Husemwa kuwa ni dawa za ugonjwa uliokataa tiba. Kauli hiyo ya kukataa tiba ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwanza, maana mgonjwa anayeitwa sugu jijini Paris au Tokyo si lazima awe sawa na mgonjwa anayeitwa sugu Endulen.

Jina linalopotosha

Aina ya limfoma hii inayoonekana zaidi kuliko nyingine huitwa mycosis fungoides. Daktari Mfaransa, Jean-Louis Alibert, ndiye aliyeueleza ugonjwa huo kwa mara ya kwanza mwaka 1806. Uvimbe wa mgonjwa wake ulimkumbusha uyoga, na jina lenye maana ya ugonjwa wa fangasi likabaki hadi leo, ingawa ugonjwa wenyewe hauna uhusiano wowote na fangasi. Mtumishi asiyeufahamu, akilisoma jina hilo katika karatasi ya rufaa, anaweza kwa nia njema kabisa kuandika dawa ya fangasi kwa miezi sita mingine. Ingefaa kila karatasi inayolitaja jina hili iongeze pembeni maneno machache ya Kiswahili: saratani ya seli T za ngozi.

Picha za vitabuni nazo zina kasoro yake. Nyingi zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, ambako baka huonekana jekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha. Baka huonekana la kahawia iliyokoza, la zambarau au la kijivu. Tena ipo sura moja ya ugonjwa, inayoonekana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi na mara nyingi kwa vijana na watoto, ambayo huanza kwa mabaka yaliyofifia rangi. Hapo ugonjwa huchanganywa na mbalanga na, jambo lililo zito zaidi, na ukoma. Baka la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia, na mishipa ya fahamu iliyo karibu huweza kuvimba. Baka la limfoma kwa kawaida bado huhisi mguso wa pamba. Kipimo cha pamba hakihitaji umeme wala maabara. Hakimalizi shauri, kwa kuwa yapo mabaka ya ukoma yanayohisi vizuri, lakini husaidia kuamua nani asianzishiwe dawa za ukoma kwa kukisia tu. Kipimo cha VVU na cha kaswende vifanyike siku hiyo hiyo, kwani kaswende ya hatua ya pili huweza kuiga karibu kila ugonjwa wa ngozi.

Mahali lilipo baka nako kuna maana yake. Mycosis fungoides hupenda sehemu zisizopata jua: makalio, mapaja, nyonga, chini ya matiti, ubavuni. Kwa mzee aliyejifunga shuka na kuketi mbele ya tabibu aliye rika la mjukuu wake, sehemu hizo hazionyeshwi kwa kuombwa mara moja. Ataonyesha mkono. Tabibu mwenye busara humpisha mwenzake wa jinsia inayofaa, hufunga mlango, na husema kwa heshima, “Mzee, niwie radhi, nalazimika kuuona mwili mzima.” Dakika hizo tano zinaweza kuokoa miaka. Hata Ulaya, kwenye wataalamu wengi na mashine nyingi, uchunguzi wa kimataifa wa wagonjwa walio katika hatua za mwanzo ulionyesha kuwa nusu yao walisubiri miaka mitatu au zaidi tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa ulipotajwa jina.

Jibu la uhakika hutoka katika kipande cha ngozi chenyewe. Kuchukua kinyama si upasuaji mkubwa: ganzi kidogo, kisu cha duara chenye upana wa milimita 4 hadi 6, nyuzi moja au mbili. Yanayoharibu kazi ni mambo madogo. Mgonjwa akiwa bado anapaka krimu kali ya steroidi, seli hupungua na jibu hutoka la uongo. Ni vyema paka hilo lisimamishwe kwa wiki mbili hadi nne, iwapo hali yake inaruhusu. Kinyama kiwekwe katika formalini, kisiwekwe katika spiriti wala maji ya chumvi. Vichukuliwe vipande viwili au zaidi, kutoka mabaka yasiyofanana. Jibu la kwanza likirudi na maneno “uvimbe wa kawaida wa ngozi” huku baka likiendelea kukua, kinyama kirudiwe. Kwa ugonjwa huu kurudia mara tatu si jambo la ajabu wala si uzembe wa mtu yeyote.

Kwa watu wa kaskazini, mahali pa karibu penye utaalamu wa namna hii ni Moshi. Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, RDTC, kimekuwa katika viwanja vya Hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992, na matabibu waliosomea ngozi pale sasa wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Kutoka Karatu ni zaidi ya kilomita 200. Kutoka Endulen safari huanza kwanza kwa barabara ya vumbi hadi lango la Loduare, ambako lami inayopita Karatu, Mto wa Mbu na Makuyuni huanzia. Kinyama, hata hivyo, kinaweza kusafiri bila mgonjwa. Ni jambo linalosahaulika: chupa ndogo iliyofungwa vizuri na kuandikwa vizuri hupanda basi kwa gharama ndogo sana kuliko mzee na msindikizaji wake.

Usugu ni neno la kupimwa

Tuchukue mfano wa wagonjwa wawili. Wa kwanza ana mabaka kwa miaka minane. Amepaka dawa tatu za fangasi, amemeza vidonge vya minyoo, amechomwa sindano za penisilini, amekunywa na kuoga dawa za mizizi. Hakuna iliyofaa. Wa pili ana mabaka kwa miaka minne. Amethibitishwa kwa kinyama, ametumia krimu kali ya steroidi kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi, akapata tiba ya mwanga wa UVB, kisha methotreksati, kisha mionzi juu ya uvimbe uliojitokeza pajani, na bado ugonjwa unasonga mbele. Wote wawili watasema, na kwa haki, kuwa wametumia kila dawa. Lakini mgonjwa sugu ni wa pili peke yake. Wa kwanza hajawahi kutibiwa ugonjwa wake hata siku moja.

Tofauti hii ina uzito wa fedha na wa uhai. Mgonjwa wa kwanza akipelekwa moja kwa moja kutafuta kingamwili, atapitishwa juu ya ngazi nne au tano ambazo huenda mojawapo ingemtosha. Mwenye mabaka machache yanayofunika chini ya asilimia 10 ya ngozi, bila tezi kuvimba, kwa kawaida huishi karibu miaka ile ile ambayo angeishi bila ugonjwa; hahitaji dripu ya dawa ya gharama kubwa. Uvimbe mmoja mmoja huyeyuka kwa kipimo kidogo cha mionzi, kwa sababu seli hizi huogopa mionzi kuliko saratani nyingi. Methotreksati ni vidonge vya siku nyingi vinavyojulikana hospitalini, na bei yake si ya kutisha. Juu ya methotreksati neno moja lirudiwe hata kama limeshasemwa mara mia: hunywewa mara moja kwa wiki. Mgonjwa aliyezoea vidonge vya kila siku akiinywa kila siku, kinywa huota vidonda, uboho hudhoofika, na anaweza kufa. Siku yenyewe itajwe kwa jina na iandikwe juu ya paketi: kila Jumapili, au kila siku ya mnada, vyovyote atakavyokumbuka.

Upo pia mwelekeo wa kinyume, wa kumpiga mgonjwa kwa tibakemikali nzito mapema ili “kuung'oa mzizi”. Jambo hilo lilijaribiwa kwa haki nchini Marekani. Wagonjwa 103 waligawanywa kwa kura. Kundi moja likapata mionzi ya ngozi ya mwili mzima pamoja na mchanganyiko wa tibakemikali, kundi jingine likatibiwa polepole, hatua kwa hatua. Matokeo yalitangazwa mwaka 1989: kundi la kwanza lilipata nafuu ya haraka na madhara mengi, lakini halikuishi zaidi ya lile la pili. Tangu wakati huo, kwenda polepole katika ugonjwa huu kumekuwa ni tiba, wala si kukata tamaa.

Alama juu ya seli

Wafugaji wa Ngorongoro hawahitaji maelezo marefu kuhusu kingamwili. Ng'ombe hutambulikana kwa alama, ya chuma cha moto au ya mkato wa sikio, na katika kundi la mamia mwenye mali humtoa wake bila kuwagusa wengine. Kila seli ya mwili nayo hubeba alama zake juu ya ganda lake. Kingamwili ni protini inayoitafuta alama moja tu na kuinasa. Mwili hujitengenezea zake kila siku. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walipata njia ya kuzalisha kwa wingi kingamwili za aina moja iliyochaguliwa, na kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Dawa ya kwanza ya namna hii kuruhusiwa kwa saratani ni rituksimabu, mwaka 1997. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Hapa kuna mtego. Rituksimabu hutafuta alama CD20, ambayo hubebwa na seli B. Mycosis fungoides ni ya seli T. Mgonjwa akisikia kuwa hospitali fulani ina “kingamwili ya limfoma”, asiuze chochote kabla ya kuuliza ni kingamwili ya alama gani, na kama alama hiyo imeonekana katika kinyama chake.

Kwa limfoma ya seli T za ngozi dawa mbili ndizo zenye ushahidi wa uzito. Ya kwanza ni mogamulizumabu, iliyotokea Japani, inayotafuta alama CCR4. Alama hiyo ndiyo inayozipa seli T njia ya kwenda ngozini, kwa hiyo seli mbaya za ugonjwa huu huwa nayo kwa wingi. Watengenezaji waliondoa aina moja ya sukari katika mkia wa kingamwili, na kwa kuondolewa hiyo seli za ulinzi za mgonjwa mwenyewe hushika mkia ule kwa nguvu zaidi na kuiua seli iliyonaswa. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018, wagonjwa 372 kutoka nchi 11, hakuna hata moja ya Afrika, walipewa ama mogamulizumabu ama vidonge vya vorinostati. Kwa wastani ugonjwa ulitulia miezi 7.7 kwa kingamwili, na miezi 3.1 kwa vidonge. Waliopata nafuu ya wazi katika mwili mzima walikuwa asilimia 28 dhidi ya 5. Ndani ya damu dawa ilifanya vizuri zaidi, asilimia 68, na kwa hiyo hufikiriwa hasa kwa wenye ugonjwa wa Sézary, ambapo ngozi yote huwaka na kubanduka, tezi huvimba na seli mbaya huzunguka katika damu.

Ya pili ni brentuksimabu vedotini. Hii hutafuta alama CD30, na tofauti yake ni kuwa hubeba sumu mgongoni. Ikishanasa seli huingia nayo ndani na kuishusha. Katika majaribio ya mwaka 2017 kwa wagonjwa wenye alama hiyo, asilimia 56.3 walipata nafuu iliyodumu miezi minne au zaidi, ikilinganishwa na asilimia 12.5 ya waliopata dawa za kawaida, na ugonjwa ulitulia kwa miezi 16.7 dhidi ya 3.5.

Tarakimu hizi zapaswa kusomwa mbele ya mgonjwa na jamaa zake, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya ng'ombe wa kwanza kupelekwa mnadani. Wilaya ya Ngorongoro ina kumbukumbu yake kuhusu tumaini lisilo na kipimo. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, maelfu ya watu walipanga foleni kwa siku nyingi kupata kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Wengi wao walikuwa watu wa maradhi ya muda mrefu, na waliosafiri usiku kucha si watu wa kudharauliwa. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia mapema ni wangapi kati ya mia hupona, na kwa muda gani. Dawa ya kisasa isiyotajiwa kipimo chake haina adabu kuliko kikombe kile. Ni ghali zaidi tu.

Na ni ghali kweli. Huko Marekani gharama ya mwezi mmoja wa mogamulizumabu hufika makumi ya maelfu ya dola. Hesabu ya chupa huonyesha kwa nini, na pia huonyesha mzigo wa safari. Dozi ni miligramu 1 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 huhitaji chupa tatu za miligramu 20 kila mara. Katika siku 28 za kwanza huwekewa dripu kila wiki, yaani mara nne, kisha kila wiki mbili kwa muda wote dawa inapofaa. Brentuksimabu huwekwa kila wiki tatu, hadi mara 16. Chupa zote hukaa katika jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Hakuna hospitali ya wilaya inayoziweka rafuni, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 kutoka Karatu. Kwa wengi wa wasomaji wa makala hii, basi, swali la leo ni nini kifanyike Karatu na Endulen ili siku nafasi ikipatikana, kwa rufaa au kwa majaribio ya dawa, mgonjwa awe tayari.

Kwanza ni kinyama kilichohifadhiwa. Maabara hukizamisha kinyama ndani ya nta, na kipande hicho cha nta hudumu miaka mingi. Kinaweza kupakwa rangi upya kutafuta CD30 hata kama wakati wa kukichukua hakuna aliyefikiria CD30. Namba yake iandikwe katika daftari la mgonjwa. Hili lina maana zaidi kwa familia ambazo tangu mwaka 2022 zimehamia Msomera, Handeni: makazi yamebadilika, namba ya maabara haibadiliki.

Pili ni kipimo cha homa ya ini aina B. Kingamwili hizi huweza kuviamsha virusi vilivyolala, na maambukizi ya aina B si haba Afrika Mashariki. Kipimo hiki hupatikana katika hospitali za karibu na jibu lake hutoka siku hiyo hiyo.

Tatu ni ngozi yenyewe. Wagonjwa wa hatua za mbele mara nyingi hawauawi na uvimbe. Huuawa na bakteria wanaopita katika ngozi iliyopasuka. Kuoga kwa maji ya uvuguvugu, kupaka mafuta mazito mara mbili kwa siku, kusafisha vidonda, kutibu usaha mapema na kutuliza muwasho ili mgonjwa alale: hayo yote ni tiba halisi, na muuguzi wa zahanati anayeyafanya vizuri hufanya kazi ambayo kingamwili haiwezi kuifanya.

Akipata dawa hatimaye na kurudi nyumbani kati ya dripu moja na nyingine, yapo mambo mawili ya kuangaliwa kijijini. Katika yale majaribio ya brentuksimabu, theluthi mbili ya walioitumia walipata ganzi au kuchomachoma vidoleni na nyayoni, ingawa kwa wengi ilipungua baadaye. Anayetembea nyuma ya mifugo juu ya mawe na miiba huenda asijue kuwa amechomwa. Akague nyayo zake kila jioni na avae viatu vilivyofunika vidole, kama anavyoshauriwa mwenye kisukari.

Jingine ni vipele vya mogamulizumabu. Alama CCR4 hubebwa pia na seli T njema zinazotuliza kinga, mithili ya ng'ombe wa jirani mwenye alama inayofanana. Zikiuawa pamoja na seli mbaya, kinga hukosa breki na ngozi huota vipele, wakati mwingine miezi kadhaa baada ya dawa kuanza. Kwa macho vipele hivyo hufanana sana na ugonjwa uliorudi. Mgonjwa akitokea Endulen akiwa navyo, asiambiwe kuwa dawa imeshindwa, wala asianzishiwe dripu nyingine ya kingamwili mpaka daktari wake aulizwe. Apimwe joto, akaguliwe macho na kinywa kama kuna malengelenge, na yakiwapo asafirishwe siku hiyo hiyo. Yasipokuwapo, apigwe picha kwenye mwanga wa mchana, achukuliwe kinyama kipya kabla ya kupakwa steroidi, na chupa ipande basi la asubuhi pamoja na namba ya kinyama cha zamani.